Ukitoka Registan, fuata maji

Safu ya Babu wa Mifereji. Babu alisomea umwagiliaji Tashkent miaka ya 1980, akafanya kazi ya maji mkoani Kigoma mpaka alipostaafu. Sasa yuko Ujiji na anajibu barua zenu za safari.

*Shikamoo Babu. Binti yetu anasoma udaktari Samarkand, Uzbekistani, na huu ni mwaka wake wa tatu. Mungu akijalia, mwezi wa nne mimi na baba yake tutakwenda kumwona, siku sita. Kila picha anayotutumia ni ya uwanja uleule wenye majengo matatu ya buluu. Ni mazuri mno, lakini siku sita? Mume wangu goti linamsumbua, halafu anasema hatoki Kigoma kwenda kuhesabu makaburi ya wafalme. Je, kuna mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni, tukaona watu na kazi zao?*
*Mama Daktari, Mwanga, Kigoma*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa binti. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana mji huo naupenda kama ninavyoupenda Ujiji.

Uwanja huo wa buluu ndio Registan. Nendeni siku ya kwanza jioni, mkae kwenye ngazi, mtazame taa zikiwashwa. Inatosha. Kuanzia kesho yake nawaomba mfuate maji. Samarkand isingekuwapo bila mto Zarafshon, unaotoka milima ya Tajikistani. Jina lake kwa Kiajemi ni kama kusema "mtawanya dhahabu". Wenyeji wameukata mto ule mifereji tangu zamani sana, na karibu kila kitu kizuri nje ya mji kiko kando ya mfereji, kijito au chemchemi.

Anzeni na Konigil. Ni kijiji upande wa mashariki, kama nusu saa kwa gari, kwenye kijito cha Siab. Pale wanatengeneza karatasi kwa gome la mforosadi. Husimuliwa kwamba ufundi huo uliletwa na mateka wa Kichina baada ya vita vya Talas, kati ya Waarabu na Wachina, mwaka 751, na kwa karne nyingi karatasi ya Samarkand ilisifiwa kwa ulaini wake. Baadaye kazi ikafa kabisa. Nilipokuwa mwanafunzi hapakuwa na kitu cha kuona. Mafundi wachache wakaifufua, nami niliikuta niliporudi kutembea mwaka 2019.

Nilikaa pale tangu asubuhi hadi adhuhuri. Matawi ya mforosadi yanalowekwa, gome linabanduliwa, ngozi ya juu iliyo nyeusi inakwanguliwa kwa kisu, na wanawake wanaofanya kazi hiyo wanapiga soga bila kutazama mikono yao. Nyuzi nyeupe zinachemshwa kwa saa kadhaa mpaka zilainike. Halafu ndipo anapoingia mwalimu wangu, maji. Gurudumu kubwa la mbao linazungushwa na kijito, mhimili wake una vigingi, na kila kigingi kinapopita kinanyanyua mchi na kuuachia uanguke kinuni. Tu! Tu! Tu! Kama nyumba nzima ya wanawake wanatwanga, na hakuna anayetoka jasho. Kutwa nzima inatwangwa hivyo. Uji ule unamiminwa kwenye birika, fundi anazamisha chekeche, analiinua taratibu, na juu yake pamebaki utando mwembamba. Utando unabanwa chini ya jiwe zito, unakaushwa, mwishowe unasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka kalamu iteleze. Mwambie mzee asugue wa kwake, watamruhusu. Kazi hiyo hufanywa mtu amekaa, goti halitalalamika.

Nilipoliona gurudumu lile nilimkumbuka Ibn Battuta, msafiri wa zamani kutoka Moroko. Mtu huyu alifika Kilwa yetu mwaka 1331, na miaka michache baadaye akawa Samarkand. Aliyoyasifu huko ni pamoja na magurudumu ya kupandisha maji kwenye bustani. Mimi ni fundi maji, niliyasoma maneno hayo nikiwa bwenini Tashkent, nikajisikia nimepata ndugu.

Siku inayofuata, nendeni kaskazini kwa Imam Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume ambaye kila mtoto wa chuoni Ujiji amelisikia jina lake. Wengi hudhani amezikwa Bukhara. Alizaliwa huko mwaka 810, lakini alilazimika kuondoka, akafia kwa jamaa zake katika kijiji cha Khartang, usiku wa kuamkia Idi, mwaka 256 Hijria, ndiyo 870. Ni kama kilomita 25 tu kutoka Samarkand. Najua mume wako hataki makaburi, lakini huyu hakuwa mfalme, na safari ya huko si ya kuhesabu mawe. Mtakuta familia nzima zimetoka vijijini, bibi wenye vitambaa vya maua kichwani, wakwe, watoto, wote wameinua mikono pamoja huku mmoja akisoma kwa sauti. Enzi ya Wasovieti palikuwa padogo na kimya. Mwaka 1998 pakajengwa upya, na tangu nilipokuwa pale mara ya mwisho wameanza ujenzi mwingine mkubwa zaidi. Kwa hiyo binti aulize kwanza njia ya kuingilia, msije mkazungushwa. Wewe chukua mtandio wako wa kawaida tu.

Njiani mwambie dereva awapitishe kwenye kilima cha Chupanota, ukingoni mwa Zarafshon. Kuna tao moja kubwa la matofali limesimama peke yake. Hakuna tiketi, na watalii hawaendi. Ni mabaki ya daraja la mwanzoni mwa karne ya 16, la wakati wa mtawala Shaybani Khan, na kazi yake haikuwa kuvusha watu tu, bali pia kuyagawa maji. Kwani hapo mto unagawanyika mikono miwili, Oqdaryo na Qoradaryo, yaani mto mweupe na mto mweusi. Mimi nilisimama hapo nikavua kofia.

Kama siku ya baada yake ni Jumamosi au Jumapili, nendeni soko la Urgut, kusini-mashariki, kwa marshrutka, ndiyo daladala yao. Watu wanauza na kununua kweli kweli, si soko la maonyesho. Tafuteni suzani, vitambaa vikubwa vilivyodariziwa kwa mkono. Jina linatokana na neno la sindano. Mabibi wenyewe huwa wamekaa nyuma ya meza, na bei inashuka mkipatana kwa subira. Mkishachoka, pandeni kidogo hadi Chor-Chinor, bustani yenye chemchemi na miti ya chinor iliyozeeka kuliko ukoo wowote tunaoujua. Mti mmoja una shina lenye uwazi ndani kama chumba, na wenyeji husema zamani watoto walisomeshwa humo. Kaeni mnywe chai. Chai wanaiita choy, na mtashangaa mtakavyosikia maneno mengine: kitob, dunyo, soat, vaqt. Ndiyo hayo hayo ya kwetu, yote yametoka kwa Waarabu. Asante ni rahmat.

Mji wa Shahrisabz nawaachia muamue. Ni kama kilomita 80 kusini, kupitia mlima wa Takhtakaracha, zaidi ya mita 1,600. Gari dogo husubiri watu wanne ndipo liondoke. Mimi nilijaribu kwenda mara ya kwanza mwezi wa kwanza nikiwa mwanafunzi, baada ya kuhangaikia kibali, kwa sababu sisi wageni hatukuruhusiwa kutoka mjini hivihivi. Theluji ikafunga njia, tukarudi miguu imekufa ganzi. Timur mwenyewe, mtawala aliyeifanya Samarkand mji wake mkuu, aliyezaliwa karibu na huko mwaka 1336, alikuwa amejitayarishia kaburi Shahrisabz. Alipofariki Februari 1405 akazikwa Samarkand, na husemwa kwamba theluji ndiyo iliyozuia njia. Nikayaamini maneno hayo siku ile. Mwezi wa nne njia ni nzuri na milima ni kijani. Kule kuna minara miwili ya lango la jumba lake, Ak-Saray, na ukisimama chini unajihisi sisimizi. Lakini lazima niseme linaloniuma: mitaa ya zamani iliyokuwa katikati ilibomolewa ili kutengeneza bustani pana ya maua, na mwaka 2016 UNESCO ikauweka mji huo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lango bado lipo, majirani zake hawapo. Mume wako anatafuta watu, naye atawakuta wachache.

Mji wa Panjakent, ng'ambo ya mpaka wa Tajikistani, ni kama kilomita 60 tu. Kuna magofu ya mji wa Wasogdi, watu wa kale wa bonde hili walioishi hapo kabla ya Waarabu, na kabla yake mtapita karibu na Sarazm, makazi ya zaidi ya miaka 5,000. Mpaka ulifungwa miaka mingi, ukafunguliwa 2018. Mkiwa na viza ya Uzbekistani ya kuingia mara moja, msithubutu kuvuka, hamtarudi kwa binti.

Siku zilizobaki kaeni naye. Mwombeni awapeleke kula pilau ya Samarkand. Wao hawachanganyi: wali juu, karoti na nyama chini, na jira wanaiita zira.

*Babu, mimi ni mvuvi wa dagaa Kibirizi. Nimeona picha za meli zimekaa mchangani, wanasema ni Bahari ya Aral. Mtu akiwa Samarkand anaweza kwenda na kurudi siku moja?*

Hapana, mwanangu. Kutoka Samarkand hadi Moynaq, zilipo meli hizo, ni karibu kilomita 1,000, kama treni ya kutoka kwetu hadi Morogoro. Watu huenda kwa treni ya usiku hadi mji wa Nukus, halafu gari. Tenga siku nne.

Lakini nakusihi uende ukijaliwa, maana wewe ni mvuvi. Moynaq ilikuwa bandari yenye kiwanda cha kusindika samaki. Kuanzia miaka ya 1960 maji ya Amu Darya na Syr Darya, mito miwili inayoilisha bahari hiyo, yalizidi kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba, na bahari ikarudi nyuma mpaka ikapotea machoni. Zarafshon niliyokuwa nikiisifu hapo juu nayo haiufikii tena Amu Darya, inaishia jangwani baada ya Bukhara. Mifereji tuliyofundishwa kuichora kwa rula ndiyo ile ile. Ramani ya darasani kwetu ilikuwa bado imepakwa buluu pote, na mwalimu alikuwa akiigusa kwa fimbo bila kusema neno. Hapa kwetu miaka hii ziwa limepanda likaingia nyumba za watu, nawe unajua hofu ya maji mengi. Kule utaongea na wazee waliokuwa na mitumbwi, na watakuonyesha kwa mkono mahali ufuko ulipokuwa.

Beba maji ya kunywa kutoka Nukus, ya kutosha siku nzima. Huko chumvi imo hata kwenye vumbi.