Ukienda Yaeda, miche iache nyumbani

Vijana wanaotaka kuwasaidia Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachimba mizizi wa kaskazini mwa Tanzania, kulinda msitu huniuliza wapeleke miche mingapi. Msipeleke hata mmoja. Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, lina mibuyu na migunga ya kutosha. Shida ni anayeingia na shoka au jembe na hakuna karatasi ya kumrudishia nayo.

Karatasi yenyewe ni hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999. Wengi tunaijua kwa shamba la mtu mmoja. Shirika la UCRT (Ujamaa Community Resource Team) la Arusha lilihangaika mpaka ikatolewa kwa jamii nzima, na mwaka 2011 Wahadzabe wakapata yao, zaidi ya hekta 20,000. Biashara ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kutunza msitu unaofyonza hewa hiyo, pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania ilifuata baadaye. Pasipo hati, malipo ya kutokata miti angepewa nani?

Mimi nilikwenda miaka kadhaa baada ya hapo na kikundi kidogo cha kujitolea, kusaidia kupima mipaka kijiji cha jirani. Tulivuruga siku ya kwanza tu. Tuliuliza, "Mkubwa wenu nani, asaini?" Wakatazamana, wakacheka. Wahadzabe hawana chifu. Sisi tukamteua kijana aliyejua Kiswahili vizuri. Wenzake wakamtania mpaka akahama kambi. Bado naona aibu. Basi usitafute msemaji. Zunguka kambi kwa kambi, na akina mama uwasikilize peke yao, maana wao ndio wachimbaji wa mizizi na wanajua ardhi inapoanza kubadilika.

Mkutano nao tuliuitisha msimu wa asali. Kambi zilikuwa tupu; waliojaa pale uwanjani ni majirani. Ilibidi turudie.

Ramani ya setilaiti tuliyojivunia ilionyesha mpaka ukipita kwenye korongo. Mzee mmoja akatupeleka kwenye mbuyu wenye vigingi vya kupandia kufuata nyuki, vingine vimeshamezwa na gamba. "Hapa," akasema, akakaa kivulini.

Na msiwasahau Wadatoga, wafugaji wa jirani. Ng'ombe wao wanataka maji kiangazi, na mpaka ambao hawakuushuhudia hautavuka mvua mbili. Tengeni siku nzima ya kukaa nao. Itawagharimu mbuzi mmoja na sukari nyingi ya chai, kwa hiyo andikeni kwenye bajeti mapema, kabla mhasibu wenu hajaanza kuuliza mbuzi ni wa nini.