Mpeni mtoto ulindi mkononi

Swali la wiki lilituuliza hivi: familia ikikutana mashambani kwa siku moja, ni ujuzi gani wa porini unaofaa kuonyeshwa watoto, na uonyeshwe vipi? Jibu langu ni kupekecha moto, yaani kuuwasha kwa kusuguanisha vijiti. Nimelijaribu mara tatu katika shamba letu la Handeni, kila sikukuu ya Nane Nane, na mara ya kwanza nilikosea.

Mimi ni bwana miti mstaafu. Wajukuu wangu na watoto wa ndugu zangu wanakaa Tanga mjini, Dar es Salaam na Arusha, na Agosti ndiyo wanayofika wengi pamoja. Mwaka ule wa kwanza niliandaa kila kitu kabla hawajashuka garini. Nilikaa chini ya mwembe, wakanizunguka, nikapekecha mpaka moshi ukatoka na kaa likashika. Wakapiga makofi, wakapiga picha. Jioni nikamwuliza mjukuu mmoja, kijiti kile ni cha mti gani? Hakujua. Angejuaje? Kazi iliyotaka akili nilikuwa nimeimaliza jana yake, peke yangu, nikizunguka porini na panga. Wao niliwaachia kutazama tu.

Kwa hiyo mwaka uliofuata sikuandaa chochote. Asubuhi, baada ya chai na mihogo, niliwagawa watatu watatu na kuwaambia: moto wa leo mtauleta ninyi, nendeni mkatafute kuni zake, mimi nitafuata nyuma.

Kwa msomaji asiyevifahamu, vifaa ni viwili. Ulindi ni kijiti kirefu unachokizungusha kati ya viganja. Uwimbombo ni kipande cha mti kinacholala chini, chenye kijishimo ambamo ncha ya ulindi inasuguana. Ni maneno mazuri ya Kiswahili na inaniuma kuona vijana wengi hawajawahi kuyasikia. Kwa Wamaasai vijiti hivi vina heshima ya pekee: wazee wanaolea rika jipya la vijana huitwa ol-piron, jina la vijiti vya moto, kwa sababu wao ndio wanaopekecha moto wa kulizindua rika hilo.

Ulindi wetu hutoka kwenye mkole. Unataka ufito ulionyooka, mnene kama kidole cha mwisho, mrefu kama mkono wa mtu mzima, uliokauka ukiwa bado umesimama kwenye kichaka. Hapo ndipo watoto wengi hujikwaa. Huokota kijiti kilicholala chini, kwa macho ni kikavu kabisa, kumbe kimekunywa unyevu wa ardhi. Niliwafundisha kukigusisha shavuni. Kijiti chenye maji huwa baridi hata jua likiwa kali. Kikavu hakina baridi hiyo, na ukikivunja kinalia kah! bila kubakiza nyuzi. Uwimbombo tunautoa kwenye tawi kavu la mkuyu, na kipimo chake ni ukucha: ukiubonyeza mti kwa ukucha wa dole gumba na alama ikabaki, unafaa. Ukikataa, ni mgumu mno, mtasugua hadi magharibi.

Mtoto wa miaka tisa akishapeleka vijiti kumi shavuni mwake, ameanza kulijua pori, maana sasa anatazama mti mmoja mmoja pale alipokuwa anaona majani tu. Ndiyo sababu nachagua moto kuliko ujuzi mwingine wowote: hauwashiki mpaka uwe umeuliza miti maswali mengi.

Kuna miti ya kutokugusa, na hiyo huanza nayo kabla mtu hajaondoka uwanjani. Wa kwanza ni mnyaa, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani unaopandwa ua. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kuharibu macho, kwa hiyo hatuukati wala hatuutii motoni. Wa pili ni upupu, ambao Agosti maganda yake yamekauka na vinyweleo vyake vinapeperuka. Mwaka jana binti mmoja aliupitia begani. Bibi yake alimzuia asijikune, akampaka majivu kama tulivyopakwa sisi utotoni, na baada ya muda alirudi kwenye kundi lake.

Kuchonga nako kuna utaratibu. Kila anayeshika kisu anakaa chini, na hakuna mtu aliye karibu kiasi cha kufikiwa na mkono wake. Kwenye uwimbombo unachimba kijishimo karibu na ukingo, kisha unakata pengo kutoka ukingoni hadi katikati ya kijishimo. Pengo hilo ndilo roho ya kazi yote. Unga unaosagwa na ulindi hushukia hapo, ukakusanyika mahali pamoja ukiwa moto, na kaa huzaliwa ndani ya unga huo. Bila pengo utapata moshi mwingi na mti ulioungua, na kaa hutaliona. Chini ya pengo weka jani kavu la kulipokea.

Sasa kupekecha. Viganja vinaanza juu ya ulindi, vinazungusha huku vikikandamiza, vinashuka taratibu hadi chini. Mmoja akifika chini, mwenzake anakuwa ameshashika juu, na hii ndiyo faida ya watatu watatu, kwani ulindi ukisimama hata kidogo joto linapotea. Anzeni polepole ncha ikae kwenye shimo, kisha ongezeni. Kama ulindi unateleza, tia chembe chache za mchanga. Tazameni rangi ya unga: wa kahawia bado, mweusi unaofuka wenyewe hata mikono ikiachia, huo umekubali. Viganja vya mjini hutoka malengelenge upesi, na mimi humwondoa mtoto kabla ngozi haijachubuka, hata akikataa. Wadogo wa miaka mitano sita hawapekechi, wao wana kazi ya kutafuta kiota cha mnana kilichoachwa na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa laini. Kaa hutiwa katikati ya kiota, kinafumbatwa, kinavuviwa kwa pumzi ndefu za taratibu. Ukipuliza kwa nguvu unalipeperusha.

Makundi manne, mwaka ule wa pili, na kundi moja tu lilipata moto kabla ya chakula cha mchana. Nilikaza moyo nisiwasaidie yale matatu. Mama mmoja alinijia pembeni akaniomba, "Baba, wamalizie, wanaumia roho." Sikuwamalizia. Nilimwonyesha kwamba pengo lao halijafika katikati, nikamwambia awaulize tu swali: unga wenu unaangukia wapi? Waliligundua wenyewe saa tisa, na kelele zilizopigwa pale zilifika kwa majirani.

Wakati mikono inapumzika tunasokota kamba. Handeni hatukosi mkonge, na watoto hushangaa kusikia kwamba si mti wa kwetu: uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kutoka Florida kupitia Hamburg, na inasimuliwa kuwa miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Mwiba wa ncha unakatwa kwanza, kisha jani linapondwa na kukwanguliwa mpaka zibaki nyuzi, mikono isipelekwe usoni kwa sababu maji yake yanawasha. Nyuzi zinagawanywa mafungu mawili, kila fungu linasokotwa pajani kuelekea upande mmoja, halafu mawili yanapindwa pamoja kuelekea upande wa pili. Hapo kila moja linamzuia mwenzake asifumuke. Mvulana mmoja aliifumua na kuisokota upya mara tatu ili aone linavyofanyika.

Jioni wale wakubwa huwatangulia wadogo na kuwaachia alama za njia kwa mawe na vijiti. Nilijifunza hilo katika skauti, na alama ya mwisho huwa ile ya duara lenye nukta katikati, maana yake nimekwenda nyumbani. Ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kule Nyeri, Kenya, alikozikwa mwaka 1941.

Lakini niseme neno kuhusu kuuzima moto, kwa maana nimezima ya kutosha katika kazi yangu, na mingi ilianza kwa mtu aliyesema "nimeufukia." Agosti nyasi za Handeni ni petroli. Sisi tunafyeka na kufagia duara la hatua tatu kila upande mpaka udongo uonekane, na ndoo mbili za maji zinakaa pale kabla ulindi haujaguswa. Upepo ukiwa mkali hatuwashi, watoto wanune au wasinune. Wakati wa kuzima, mchanga hautoshi. Makaa yaliyofukiwa hukaa hai usiku kucha, yanaweza kupita kwenye mizizi yakatokea kwingine, na mtoto anayepita peku asubuhi ataungua nyayo. Mwaga maji, koroga kwa kijiti, mwaga tena, kisha weka mgongo wa mkono juu ya majivu. Ukihisi joto, rudia. Waliouwasha ndio wanaouzima, na hawaendi kula mpaka kila mmoja wao ameweka mkono.

Mwaka huu yule mjukuu niliyemwuliza kuhusu kijiti alifika siku mbili kabla ya wenzake. Alikwenda porini na wadogo zake wawili, mimi nikabaki barazani. Walirudi na fito sita za mkole. Nne alizitupa mwenyewe, baada ya kuzigusisha shavuni. Mbili aliziacha juu ya dari ya jiko zipigwe moshi, na kabla ya kuondoka alinisihi nisiziguse hadi Agosti ijayo.