Wafadhili wanafunga, nyumba hazina bati

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mratibu wa kashirika kadogo ka kujengea wajane na wazee nyumba huku Chamwino, hela zinatoka Uingereza kwa wazee fulani walioanza hii kazi zamani, sasa nguvu zimeisha na watoto wao hawaitaki, wameniandikia imeli wanafunga mwakani mwezi wa sita. Nina nyumba moja imefika lenta (mkanda wa juu ya milango na madirisha), nyingine msingi tu, ya tatu ni kiwanja na mawe. Kuna pikapu, mashine ya zege, mafundi wawili na mlinzi wa stoo, wote wameajiriwa. Na daftari la wanaosubiri, kila nikipita naulizwa zamu yangu lini. Niwaambie nini? Na vitu tugawane sisi wafanyakazi au?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na daftari manake naona hilo ndo linakunyima usingizi. Lifunge leo, usisubiri mwezi wa sita. Omba nafasi kwa mwenyekiti na mtendaji useme kwenye mkutano wa kijiji kwamba shirika linafungwa, alafu waliomo kwenye daftari wapitie wewe mwenyewe nyumba kwa nyumba, usitume mtu. Kuna bibi hapo ameacha kukarabati tembe lake, ile nyumba ya paa la udongo, kwa sababu aliambiwa nyumba inakuja, miti imeoza na udongo wa juu umekwisha, akichelewa kujua mvua ya Desemba itamkuta humo ndani, akijua sasa hivi wajukuu watampandishia udongo mpya na kubadili nguzo mbili tatu.

Nyumba ya lenta ndo ya kukimbilia. Ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa udongo, hauna bati hauna plasta, ukinyeshewa Desemba mpaka Aprili ule udongo wa katikati unaoshwa na kona zinaachia. Piga kenchi, paua, madirisha ziba hata kwa mabanzi. Yenye msingi chukua bei ya hadweya ya leo uwatumie wale wazee wa Uingereza: hela inafika mpaka bati au haifiki? Kama haifiki msipandishe kozi (mstari wa tofali) hata moja. Ya tatu hiyo haijaanza, mwachie mwenyewe kiwanja na mawe yake.

Kwenye hiyo imeli waulize pia kama kuna hela ilichangwa maalum kwa nyumba zenu, labda kanisa lao lilichangia. Kwa sheria ya England hela iliyochangwa kwa kazi maalum haihamishwi kienyeji kwenda kazi nyingine, na Charity Commission ndo inayosimamia mambo hayo kwao. Wazee wa watu sio wabaya ila uzee nao, wanaweza kuwa wamesahau.

Kugawana vitu hapana, toa hilo kichwani. Mali ni ya shirika. Fungua katiba yenu sehemu ya kuvunja shirika, nyingi zinasema kinachobaki baada ya madeni kinaenda kwa shirika lenye kazi inayofanana. Na hiyo pikapu kama iliingia kwa msamaha wa kodi ukimuuzia mtu wa kawaida kodi inadaiwa, kwahiyo pita TRA kabla hujamwita dalali. Kama mmesajiliwa huku, Msajili wa NGO yuko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii hapohapo Dodoma, anza na Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya akuelekeze. Ukinyamaza tu, jina linabaki kwenye daftari la Msajili na ripoti za kila mwaka zinaendelea kudaiwa.

Wafanyakazi walipwe kabla ya yote. Sheria ya Ajira ya 2004 inataka ukae nao mapema mzungumze, sio barua ya ghafla. Anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku 28 au zaidi, alafu kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Fundi wa 520,000 kwa mwezi ukigawa kwa siku 26 za kazi siku yake ni 20,000, akiwa na miaka 8 hapo ni 1,120,000. Ongeza likizo ambayo hajachukua, cheti cha utumishi, na michango ya NSSF iwe imelipwa kweli. Hiyo hesabu ipeleke Uingereza mapema, ikibaki akaunti tupu watakutafuta wewe, mzungu hawamjui nyumba.

SWALI: Mimi ni mjane wa Bahi, nilijengewa na shirika kama hilo, nasikia limefungwa. Watakuja kuchukua nyumba? Shemeji naye ameanza kusema kiwanja ni cha marehemu kaka yake.

JIBU: Pole mama. Wazungu hawarudi, na ardhi ya kijiji hawawezi kuimiliki hata wakitaka. Mtu wa kumwangalia ni shemeji. Fungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, alafu uombe halmashauri ya kijiji hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume. Barua ya kukabidhiwa nyumba kama unayo toa kopi, moja akae nayo mtendaji. Kama huna, mtafute aliyekuwa mratibu akuandikie na kusaini wakati bado anapatikana kwenye simu.