Nyumba kwenye bao: kulala au kwenda safari?

Ndugu yangu, umebishana na shemeji yako kuhusu kete ya mwisho kuangukia kwenye nyumba yako (lile shimo maalumu la safu ya mbele) wakati wa kunamua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza kete za akiba mojamoja; yeye anadai huna chaguo. Shimo la mpinzani linaloikabili likiwa na kete, huna hiari, unakula. Likiwa tupu, na ulikuwa unakula, chaguo ni lako: ulale hapo, zamu yako iishe, au uende safari, yaani uzisambaze kete za nyumba. Shemeji amekosea.

Ila usilale kwa uroho wa kuikuza. Tazama shimo lake linalokabili nyumba. Sasa ni tupu, lakini akifanikiwa kuweka kete hata moja pale, zamu inayofuata anaweza kunamua hapo na kukubebea zote. Nimeshapoteza kete 14 hivyo, na wazee barazani wakacheka hadi kahawa ikawapalia. Ukiona hatari hiyo, nenda safari. Ukishaisambaza, inabaki shimo la kawaida.