Kutoka Dar hadi Minneapolis ni saa ngapi hasa?

Kila anayepata viza ya Marekani huuliza hivi: "Tiketi inasema naondoka Jumatatu 17:30, nafika Jumanne 19:30. Si saa 26 hizo?" Siyo. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika, ya kuondoka ni ya Dar na ya kufika ni ya Minneapolis. Mwezi wa Januari Minneapolis iko nyuma ya Dar kwa saa 9. Jumlisha hizo 9 na zile 26, unapata saa 35.

Ukitaka kuhakikisha, hesabu kipande kwa kipande. Chukua tiketi ya kupitia Doha: Dar hadi Doha 5:55, kusubiri Doha 8:55, Doha hadi Chicago 14:45, kusubiri Chicago 3:55, Chicago hadi Minneapolis 1:30. Jumla ni 35:00. Angani ni saa 22 na dakika 10 tu, zilizobaki ni za kukaa kwenye viti vya uwanja. Kwa hiyo kabla hujalipia tiketi ya bei rahisi, tazama kwanza muda wa kusubiri, maana bei mara nyingi imeshuka kwa sababu hiyo. Halafu Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kipindi hicho tofauti na Dar ni saa 8.

Chicago ndipo watu wanapokwama. Ukiingia Marekani, uhamiaji unamalizana nao kwenye uwanja wa kwanza unaotua, si kule unakoishia. Foleni inaweza kwisha kwa nusu saa, inaweza kula saa mbili kama ndege kadhaa kubwa zimetua pamoja. Mwenye viza ya kuhamia moja kwa moja huitwa pembeni ili bahasha au faili lake lishughulikiwe, naye aongeze muda. Baada ya hapo unachukua begi lako kwenye mkanda, hata kama lebo yake imeandikwa MSP (kifupi cha uwanja wa Minneapolis) tangu Dar, unapita nalo forodha, kisha unalikabidhi tena. Usiponyanyua begi mwenyewe, linabaki Chicago. Nyama ya kukausha ikikutwa humo, inatupwa na wewe unacheleweshwa. Kisha unapanda treni ya uwanja kwenda jengo la ndege za ndani na kukaguliwa upya; manukato uliyonunua Doha yatie ndani ya begi kubwa kabla hujalikabidhi, la sivyo huenda ukayaacha kwenye ukaguzi. Geti nalo hufungwa robo saa hivi kabla ya kuruka. Ukiuziwa tiketi yenye saa moja na nusu hapo Chicago, kataa. Saa 3 ndiyo ya chini.

Hayo ni kwa tiketi moja. Ukinunua mbili tofauti ili kuokoa pesa, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haina habari na wewe, na nauli imekwenda. Hapo acha saa 6, au ulale njiani.

Tarehe nayo inawaponza wengi. Tiketi ikiandikwa 00:35 tarehe 15, uwanjani unakwenda jioni ya tarehe 14. Mtu anayesema "saa sita usiku tarehe 15" hujitokeza usiku unaofuata na kukuta ndege ilishaondoka jana yake.

Kwa wanaopokewa: mwenyeji wako ana shifti, na saa anazokosa kazini halipwi. Usimwambie "nafika Jumanne usiku". Mtumie namba ya ndege ya mwisho, ile ya Chicago–Minneapolis, afuatilie kwenye simu kama imechelewa. Ongeza dakika 40 za kushuka na kusubiri begi. Mbele ya mlango wa kutokea magari hayaruhusiwi kuegesha na kusubiri, kwa hiyo atakaa eneo la kungojea hadi umpigie. Namba ya simu ya Dar isipofanya kazi, tumia intaneti ya bure ya uwanja. Koti lishike mkononi, usilifungie kwenye begi: Januari kule nje huwa chini ya sifuri, na kutoka mlangoni hadi kwenye gari hakuna paa kila mahali.