Leseni ya udereva inaisha, na unaogopa foleni ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania)

Pole dada. Umeandika kwamba leseni yako inaisha wiki ijayo, una kisukari, na bado unaogopa Korona; hofu yako naielewa. Umeuliza kama unaweza kumtuma mtu: haiwezekani, kwa sababu picha na alama za vidole huchukuliwa palepale dirishani.

Mimi nilihuisha yangu mwezi uliopita. Nilifika saa moja kasoro asubuhi, nikakuta watu sita tu. Kufika saa nne, benchi lilikuwa limejaa mpaka nje. Kwa hiyo wahi, au nenda siku za katikati ya wiki. Beba leseni ya zamani, namba yako ya mlipakodi (TIN), kitambulisho na kalamu yako mwenyewe (ile ya kaunta imeshikwa na mji mzima). Mimi nililipa ada ya shilingi 70,000 kwa miaka 5. Ukishapewa namba ya malipo, lipa kwa simu ikikubali, usiongeze foleni ya benki.

Kwenye mashine ya vidole, paka kitakasa mikono halafu subiri mikono ikauke kabisa. Mimi niliweka kidole kibichi, mashine ikakataa mara tatu, watu nyuma wakaanza kuguna. Ukivaa barakoa, utaishusha wakati wa picha tu.

Vishoka wa getini (madalali wasio rasmi) waepuke. Na leseni ikiisha kabla hujaenda, usiendeshe: ukigonga, bima wanaweza kukukatalia. Ukiwa na homa au kikohozi, ahirisha, umwone daktari kwanza. Dawa zako na kitu cha kutafuna usisahau, sukari ikishuka kwenye foleni ni balaa.