Maswali ya wasomaji: nikianguka kwenye tairi la inchi 36 nianguke vipi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi naendesha baiskeli ya tairi moja, ile ndogo ya inchi 20 naiweza vizuri, napanda nashuka bila kuwaza. Juzi nikapata ya inchi 36 na tangu hapo nina woga. Nikishakaa juu naona ardhi iko mbali mno. Nimeshadondoka mbele mara mbili, hiyo ya pili nikatanguliza mikono, kiganja kikachubuka na mpaka leo kifundo kinauma upande wa dole gumba. Kila ninayemuuliza ananiambia utazoea. Sasa nitazoeaje kitu kinachoniumiza? Hivi mtu anaweza kujifunza kuanguka?

JIBU: Mdogo wangu, tuanze na hicho kifundo kwanza, baiskeli baadaye. Inua dole gumba juu, utaona kashimo kanatokea pale chini yake kwenye kifundo, bonyeza hapo. Kama panauma nenda hospitali, tena leo. Kuna kamfupa pale madaktari wanakaita skafoidi, huwa kanavunjika mtu akitua kwa kiganja huku mkono umenyooka, na ubaya wake damu inakafikia kwa shida kwa hiyo kakiachwa kanaweza kugoma kuunga kabisa. Na eksirei ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo hata ukiambiwa picha iko sawa ila bado unasikia maumivu, rudi tena baada ya wiki moja na nusu au mbili wakuangalie upya. Mi nilifunga bandeji wiki tatu nikijua nimeteguka tu, na nilipokuja kwenda nikawekwa plasta muda mrefu kuliko ambao ningewekwa ningewahi. Sitaki yakukute.

Haya, sasa swali lako. Ndiyo, kuanguka kunafundishika, na inatakiwa ukufanyie mazoezi kama unavyofanya mazoezi ya kupanda.

Kwanza tutoe hilo la urefu kichwani. Inchi 36 ni kama sentimita 91, kwa hiyo ekseli, kile chuma cha katikati ya tairi, iko sentimita 46 hivi kutoka chini. Kama kranki zako, yani zile mikono za chuma zinazoshika pedeli, ni za milimita 150, pedeli ikiwa chini kabisa iko sentimita 31 tu juu ya ardhi, yani kama ngazi mbili za nyumba. Unaona mbali kwa sababu macho yamepanda juu sana, lakini kinachotua ni miguu, na miguu haiko mbali kihivyo.

Cha kuogopa ni spidi. Tairi lako likizunguka mara moja tu umeshasogea karibu mita 2.9, ukikanyaga mizunguko 100 kwa dakika uko kwenye kilomita 17 kwa saa, na kwenye ile ndogo mizunguko hiyo hiyo inakupa 9 na kitu. Pia unajua pedeli zimefungwa moja kwa moja na tairi, hakuna kuacha kukanyaga ukaserereka, kwa hiyo mguu ukichelewa kidogo au tairi likiingia kwenye kishimo, lenyewe linabaki nyuma na mwili unaendelea na safari. Ndo maana umeanguka mbele mara zote mbili. Na afadhali iwe hivyo, manake mbele ndiko unakoona na ndiko miguu inakojua kwenda.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kukimbia. Sio kuruka ukasimama, hapana, ukitaka kusimama papo hapo ndo unapigwa chini kifudifudi. Tua ukiwa tayari unakimbia, hatua za mwanzo fupi fupi za haraka, magoti yamelegea, kifua usikiache kikatangulia miguu, halafu punguza taratibu. Baiskeli iache ianguke yenyewe. Najua inauma kuona siti inasugua chini, ila wengi wanaumia kwa kugeuka kuidaka. Kwenye mwendo wa pole shika siti kwa mkono mmoja wakati unashuka, ukishakuwa na spidi achana nayo.

Mazoezi yake: tafuta nyasi fupi, pasiwe na mtu nyuma yako. Endesha mwendo wa mtu anayetembea, ukifika sehemu uliyoichagua mwenyewe subiri pedeli moja ishuke chini kabisa, mwili uegemee mbele, ule mguu wa juu uvuke utangulie ardhini na wa pili ufuate, ukimbie hatua mbili tatu. Rudia mara ishirini, thelathini, mpaka usiwe unaifikiria. Kesho yake ongeza spidi kidogo. Halafu badilisha mguu, hii watu hawaifanyi kabisa, wanajua kushuka kwa mguu mmoja tu, na siku ya kuanguka kweli hupewi nafasi ya kuchagua mguu.

Unajuaje mwisho wako ni upi? Kimbia mita 100 kwa miguu yako. Ukitumia sekunde 20 hiyo ni kilomita 18 kwa saa, lakini hapo ulikuwa na muda wa kuchanganya, na ukianguka huna huo muda. Mi kwa mtu wa sekunde 20 ningemwambia asipite 13 au 14 mpaka awe na pedi za magoti na amejifunza hii ya pili ninayokuja kusema. Ukipita spidi ambayo miguu yako inaweza kuikimbia, umeshajiondolea njia nzuri kuliko zote.

Ya pili ni kubiringika. Wacheza judo wanafundishwa hii kabla hata ya kumrusha mtu. Mkono unaukunja kama upinde, kidevu kifuani, unaingia kwa nyuma ya bega, unapita kimshazari mgongoni mpaka nyonga ya upande wa pili, kichwa hakigusi chini kabisa. Anza kwenye godoro umepiga goti, ukiweza simama, ukiweza tembea ndo ukimbie. Kama kuna mwalimu wa judo au aikido unayeweza kumfikia mfuate, wiki chache kwake zinazidi miezi ya kujaribu peke yako. Kwenye lami ukiwa umevaa pedi ngumu za magoti na kinga za viganja zenye plastiki unaweza pia kuteleza, magoti kwanza kisha viganja, viwiko vimekunjwa. Plastiki inateleza, kitambaa kitupu kinang'ang'ania lami kinakupindua. Mkono ulionyooka ndo adui yako, nyuma kabisa nimeshakuambia kwa nini.

Na usione kama woga wako ni wa ajabu. Wale walioendesha baiskeli za tairi kubwa la mbele miaka ya 1870 na 1880, nyingine tairi lilifika mita 1 na nusu, walikuwa wakiteremka mlima wanapitisha miguu juu ya usukani, ili likitokea la kutokea warushwe mbele miguu ikitangulia. Walilipanga anguko kabla hawajaanguka, na ndo hicho ninachokuomba ukifanye.

SWALI: Mimi ya kwangu ina ule usukani mrefu wa mbele na breki. Niviache au nivitoe kwanza?

JIBU: Usukani utoe, walau kwa wiki hizi za kujifunza kushuka. Goti au suruali ikinasa pale huwezi kukimbia tena, unaburutwa. Shika kishikio cha siti tu. Breki haina shida ukiiacha, ila usiikamate ghafla, ukiibana kwa nguvu tairi linasimama na wewe unaendelea. Kamba za viatu zichomeke ndani, hilo dogo ila limeshawaangusha wengi, kamba inajisokota kwenye pedeli na mguu unakosa kutoka.

SWALI: Kuanguka nyuma je? Hakuna anayekuzungumzia.

JIBU: Kwa sababu kunatokea mara chache, zaidi wakati wa kupanda, tairi linapokukimbia kwenda mbele. Miguu ikiwahi kutua, rudi nyuma hatua mbili yameisha. Isipowahi, chuchumaa ukiwa unashuka, tua kwa makalio, uti wa mgongo umeukunja, kidevu kifuani, biringika, mikono iweke mbele ya kifua, usiirudishe nyuma kujizuia. Hapo ndo helmeti inapofanya kazi yake, kwa hiyo ivae hata kama unapanda tu kujaribu siti, na kamba yake uifunge.